Kulala Ndani ya Gari Milimani Lushoto Wakati wa Kipupwe: Mwongozo Kamili

Mtu wa Tanga mjini akiambiwa kuna baridi, hutafuta shuka la pili. Usiku wa Julai pwani hushuka hadi nyuzi joto 20 au 21, na hapo tayari tunalalamika. Sasa toka mjini, pita Muheza, Segera na Korogwe, fika Mombo, kata kulia uanze kupanda kuelekea Soni. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo ukitoka na nyuzi 21 za Tanga utakuta 12 au pungufu. Ukiendelea Magamba na Lukozi unazidi kupanda, na usiku wa anga tupu unashuka chini ya 10. Barafu hakuna. Lakini gari ni bati na vioo, na bati halina huruma.

Wanaolala garini huko ni wengi kuliko tunavyodhani. Wapo wauza mitumba wanaofuata magulio, madereva wa Fuso na Canter wanaosubiri kupakia kabichi na karoti alfajiri, na familia zilizopanda na Noah zikakuta nyumba za wageni zimejaa. Wachache wana karavani, yaani trela ya kulala inayovutwa na gari. Mambo mengi hapa yanawahusu wote. Pale karavani inapotofautiana nitasema.

Jua kwanza unapigana na nini

Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80, karibu sawa na ile balbu ya zamani ya wati 75 ambayo ukiigusa unaungua. Wakilala watu wawili, kuna balbu mbili zinawaka ndani ya Hiace usiku kucha. Joto hilo linatosha. Kazi yako ni kulizuia lisitoroke, na linatoroka kwa njia tatu: linashuka chini kupitia sakafu, linapita kwenye vioo, na linabebwa na unyevu. Wengi hupambana na njia ya pili peke yake, tena kwa kuninginiza khanga dirishani, kisha wanaamka saa tisa usiku mgongo umekufa ganzi na kusema Lushoto haifai.

Hatua ya 1: Kagua gari ukiwa bado Tanga

Washa hita. Gari nyingi zilizokaa pwani miaka mingi mipira yake ya hita ilishafungwa na mafundi. Ilivuja siku moja, na hakuna aliyeona haja ya kununua mpya. Hita ya gari hutumia maji ya moto yanayozunguka kwenye injini, kwa hiyo mpira ukifungwa unapata upepo mtupu. Hiace na Noah nyingi zina hita ya pili kwa abiria wa nyuma, yenye swichi yake, na wenye gari wengine hawajui kama ipo. Iwashe injini ikiwa imeshapata moto. Ukisikia harufu tamutamu na vioo vikafanya ukungu wenye utelezi, hita yenyewe inavuja ndani. Itengenezwe kabla ya safari.

Hita hii ni ya kutumia ukiwa njiani. Kilomita zile thelathini na kitu kutoka Mombo hadi Lushoto zinatosha kupasha gari lote, pamoja na godoro na mablanketi. Wengi hupanda wakiwa wamefungua vioo kwa sababu Mombo ilikuwa na jua kali, wanafika juu na godoro la baridi. Ukifika Soni, funga vioo, washa hita.

Kama gari ni la dizeli, mwambie fundi apime hita plagi, yaani plagi zinazopasha injini ya dizeli ili iwake ikiwa ya baridi. Pwani zinaweza kufa zote usijue, maana injini inawaka tu. Lukozi saa kumi na moja alfajiri utajua. Betri dhaifu nayo hujifichua hukohuko juu.

Mwisho, lala chali chini ya gari, au mlipe kijana alale, mkague ekzosi kuanzia injini hadi nyuma. Tundu lolote lizibwe. Kagua na raba ya mlango wa nyuma pamoja na vitundu vya sakafu vilivyopoteza vizibo vyake. Moshi hupita humohumo, na baridi pia.

Hatua ya 2: Chagua pa kuegesha

Hewa ya baridi ni nzito. Usiku hutiririka kutoka kwenye miteremko na kutuama mabondeni. Kwa hiyo kiwanja kizuri cha tambarare kando ya mto, kile kinachovutia macho saa kumi jioni, ndicho kitakachokuwa na baridi kuliko vyote saa kumi usiku, na kwa umande ndiyo usiseme. Kilele nacho kinapigwa na kusi moja kwa moja. Tafuta katikati ya mteremko, penye nyumba, ukuta au ua wa miti wa kukukinga upande wa kusini na mashariki.

Usiegeshe chini ya miti. Mikaratasi na misindano ya huko hukamata ukungu na kuudondosha usiku kucha juu ya paa lako, tone kwa tone, hata siku ambayo mvua haikunyesha. Mkaratasi pia huangusha matawi bila hodi.

Kama panaruhusu, elekeza pua ya gari mashariki. Kuna faida mbili: mlango wa nyuma, ambao ndio unaovuja hewa kuliko yote, unaupa mgongo upepo, na asubuhi jua linaingia kwa kioo kikubwa cha mbele. Hakikisha tu hakuna mlima umesimama upande huo. Yapo mabonde kule ambayo jua linayafikia saa tatu.

Ukiwa kwenye mwinuko, vichwa vilale upande wa juu. Weka gia, vuta breki ya mkono, na usukume mawe mawili chini ya magurudumu. Na usijiegeshee tu. Nenda kwa mwenye kiwanja, au kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwamkie shikamoo, mweleze unalala usiku mmoja garini na unaondoka asubuhi. Mara nyingi utaonyeshwa mahali bora kuliko ulipopachagua, kwa sababu yeye anajua upepo unapita wapi. Nyumba nyingi za wageni nazo hukubali uegeshe uani kwa pesa kidogo, na hapo unapata choo na maji ya moto. Kwangu mimi hilo ni bora kuliko uhuru wa kulala porini ukatafuta choo kwa tochi.

Hatua ya 3: Sakafu kabla ya blanketi

Hapa ndipo pesa yako iende. Blanketi la juu linafanya kazi kwa sababu lina hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi zake. La chini unalilalia, hewa yote inakamuliwa, linabaki kitambaa. Hata godoro la sponji la inchi 4 hubonyea begani na kiunoni likabaki inchi moja, na pale ndipo baridi ya bati inapoingia. Kama una mablanketi matatu na unasikia baridi, chukua moja ulitandike chini kabla hujanunua la nne.

Pangilia hivi, kuanzia kwenye bati kwenda juu. Kwanza nailoni nene au kipande cha turubai, kuzuia unyevu wa sakafu. Kisha maboksi ya katoni yaliyokunjuliwa, tabaka mbili au tatu, na viungio visikutane sehemu moja. Maboksi ni ya bure dukani na yanazuia baridi vizuri ajabu yakiwa makavu. Yakilowa hayana maana, ndiyo sababu ya ile nailoni. Juu ya maboksi weka mkeka wa sponji wa mazoezi au kipande cha kapeti, ndipo godoro, na juu yake blanketi la sufu.

Muuza mitumba ana bahati hapa. Marobota yamejaa nguo zilizoshindiliwa, na hakuna kitanda kinachoshinda kulala juu ya mzigo wako uliosambazwa sawasawa chini ya godoro. Dereva wa Fuso anayelala kwenye kile kitanda cha nyuma ya viti yuko juu ya sakafu tayari, shida yake ni ukuta wa nyuma wa kabini unaomgusa bega. Ajaze pale koti la zamani au mto wa urefu wa kitanda.

Kwenye karavani, upepo unaopita chini ya sakafu ndio adui. Nchi za baridi kali wenye trela huzungushia sketi ya turubai au mbao kutoka ukingo wa trela hadi ardhini. Lushoto huhitaji kujenga kitu cha kudumu, turubai lililobanwa kwa mawe upande unaotoka upepo linatosha. Lisizibe tu matundu ya usalama ya gesi yaliyo sakafuni. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na matundu yale yamewekwa ili ikivuja ishuke itoke.

Kwa mablanketi ya juu, mawili mepesi hushinda moja zito. Sufu, hata bushuti ya zamani inayowasha, inaendelea kukupa joto ikiwa na unyevunyevu, pamba haiwezi. Mifuko ya kulalia yenye zipu hupatikana kwenye mitumba mara mojamoja. Ukiiona, jaribu zipu mpaka mwisho kabla hujatoa hela.

Hatua ya 4: Vioo

Kioo cha gari hakizuii joto, na kile cha mbele ndicho kikubwa kuliko vyote. Khanga iliyoning'inia inazuia macho ya watu tu, kwa sababu hewa inapita nyuma yake, inapoa kwenye kioo, inashuka kukuangukia usoni. Kinachotakiwa ni kitu kinene kinachobana kwenye fremu ya kioo pande zote.

Chukua gazeti, libandike kwenye kioo, chora umbo lake kwa kalamu. Kata sponji ya unene wa sentimita 1 hadi 2 kwa umbo hilo, ukiongeza kidole kimoja kila upande ili ibane yenyewe bila gundi. Upande unaotazama nje bandika ile karatasi ya kung'aa ya kuzuia jua kwenye dashibodi. Andika nyuma ya kila kipande ni cha dirisha gani, maana usiku vyote vinafanana. Kazi hii ni ya siku moja nyumbani, na vipande hivyohivyo mchana wa Januari vitakuokoa na jua la Tanga.

Kati ya viti vya mbele na sehemu ya kulala, ning'iniza blanketi zito kutoka darini hadi sakafuni. Chumba kikipungua, joto lako linatosha zaidi.

Hatua ya 5: Ukishaziba, fungua

Watu wawili wakilala, pumzi na jasho lao kwa usiku mmoja hutoa maji yanayokaribia nusu lita. Gari likifungwa kabisa, maji hayo yanaishia kwenye vioo na bati la darini, yanachuruzika kwenye godoro, na blanketi lenye unyevu ni baridi kuliko kutokuwa na blanketi la pili. Kwa hiyo acha upenyo wa upana wa kidole kwenye madirisha mawili yaliyo mkabala, upande usiopigwa na upepo ukiachwa zaidi kidogo. Joto utakalopoteza ni dogo kuliko faida ya kulala pakavu.

Usilale umefunika kichwa na kupumulia ndani ya blanketi. Vaa kofia ya mzula au boshori, acha pua nje. Nguo zilizolowa, miavuli na viatu vyenye matope vikae upande wa dereva, nje ya lile pazia lako.

Moto: soma sehemu hii hata kama umeruka nyingine zote

Usiingize jiko la mkaa ndani ya gari, karavani au hema. Si kwa kupasha tu kisha ulitoe, wala si mlangoni likitazama nje.

Wengi wanaamini hatari iko kwenye moshi, kwa hiyo wanasubiri mkaa uive, uwe mwekundu, usio na moshi, ndipo wanauingiza. Mkaa huo mwekundu unaendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala mwasho. Inashikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo hata ikiwa kidogo hewani inajikusanya mwilini saa baada ya saa. Aliyelala haamki kukohoa. Anazidi kulala. Ule upenyo wa kidole niliokushauri ni wa unyevu. Haukulindi na jiko.

Dalili kwa aliye macho ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Watu hudhani ni chakula au uchovu wa kona za Soni. Kipimo kizuri ni hiki: kama wote mliomo ndani mnaumwa kichwa kwa pamoja, na ukitoka nje unapata nafuu, ni gesi. Toeni kila mtu nje, fungueni milango yote, zimeni chochote kinachowaka, na aliyelegea apelekwe hospitali usiku huohuo hata kama anasema amepona. Hospitali ya wilaya ipo Lushoto mjini.

Injini inayonguruma ili hita ifanye kazi ina gesi hiyohiyo. Ekzosi yenye tundu huileta chini ya miguu yako, na gari lililoegeshwa nyuma ikigusa ukuta au ngema hurudishiwa moshi wake lenyewe. Pasha gari ukiwa macho, dakika chache, kisha zima kabla ya kulala.

Jiko la gesi la kupikia lina matatizo yake. Linakula hewa ya chumba, linaweza kushika blanketi, na kila kilo ya gesi inayoungua hutoa kilo moja na nusu au zaidi ya maji kama mvuke. Pikia nje, au mlango ukiwa wazi, na mtungi ulale nje.

Hita halali kwa kulala nayo ni ile inayovuta hewa ya kuungulia kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake, hewa ya chumbani ikizunguka upande mwingine bila kukutana na moto. Karavani nyingi kutoka Ulaya na Afrika Kusini huja nayo ya gesi. Siku hizi zinauzwa pia ndogo za dizeli zinazofungwa kwenye gari, zinazokunywa wastani wa robo lita kwa saa au pungufu. Fundi azifunge kwa uangalifu, bomba la moshi litokee pembeni ya gari, mbali na madirisha. Kwa urefu wa mita 2,000 hewa imepungua kwa karibu asilimia 20, hivyo zinaweza kutoa masizi kama hazikurekebishwa. Hata ukiwa nayo, nunua king'ora cha kaboni monoksidi cha betri. Kama pesa inatosha kitu kimoja kati ya hita na king'ora, nunua blanketi.

Umeme

Hita ya feni ya wati 1,500 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 125. Betri ya ampea 100 haimalizi nayo saa moja, na ukiwa umetumia betri ya gari, utasukuma gari asubuhi. Achana nayo. Blanketi la umeme la volti 12 linavuta kama wati 45, ampea 4 hivi. Kwa saa nane ni ampea-saa 30, ambazo betri ya pili iliyotengwa inaweza kutoa bila kuteseka. Kwa busara zaidi, liwashe nusu saa kabla ya kulala kisha uzime.

Ukiwa uani kwa nyumba ya wageni na wamekuruhusu kuchomeka hita, tumia waya mnene na uukunjue wote. Waya wa kuongezea uliobaki umeviringishwa unapata moto wenyewe mpaka unayeyuka.

Mwili wenyewe

Badili nguo zote kabla ya kulala, hata zile unazoona kavu. Zimebeba jasho la mchana. Vaa soksi safi za kulegea, maana soksi ya kubana inazuia damu na miguu inapoa zaidi. Kula chakula chenye mafuta kiasi usiku, maharage ya nazi au supu, kwa sababu mwili unahitaji kuni. Chai ya tangawizi inywe mapema. Ukiinywa saa nne, saa nane utakuwa unatafuta viatu gizani. Ukibanwa, nenda, kujizuia na kujikunyata hakukupi joto, kunakukatia usingizi tu.

Pombe ya miwa utakayokaribishwa milimani inakudanganya. Inafungua mishipa ya ngozi, unasikia moto usoni, na joto la ndani linatoka.

Chupa ya maji ya moto ndiyo hita ya bei nafuu kuliko zote. Tumia ule mfuko wa mpira au chupa ya chuma yenye kifuniko cha kukaza, uifunge kwa taulo, uiweke katikati ya mapaja au tumboni. Miguuni ni pazuri pia, lakini damu nyingi inapita mapajani. Chupa ya plastiki ya soda hujikunja kwa maji yaliyochemka, isitumike. Mtoto mchanga asiwekewe chupa hii kabisa, wala asifunikwe hadi usoni. Alale akiwa na nguo yake mwenyewe iliyomkaa vizuri.

Kutetemeka ni mwili unafanya kazi. Cha kuogopa ni aliyekuwa akitetemeka akaacha huku bado wa baridi, akaanza kuzungumza kama mlevi au kuangusha vitu. Huyo mvue chochote chenye unyevu, mfunike na mtu mwingine ubavuni, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, na muanze safari ya hospitali.

Asubuhi, na ukirudi mjini

Futa vioo na dari kwa kitambaa kabla jua halijapasha gari, ukikamua nje. Toa mablanketi yote, yapindue upande wa ndani nje, yaanike juu ya boneti au ua hata kwa dakika ishirini. Godoro lisimamishe ubavu. Usikunje kitu kikiwa bado kina mvuke wa usiku kwa sababu ya haraka ya gulio. Usiku wa pili ndio unaolipa. Maboksi yaliyolowa tupa, utapata mengine.

Ukifika Tanga, usilihifadhi godoro siku hiyo hata likionekana kavu. Hewa yetu ya chumvi na unyevu inaota ukungu mweusi ndani ya sponji kwa siku chache. Liache juani, ulipindue adhuhuri, kisha weka karatasi ya chooni juu yake na ukandamize kwa kiganja kwa nguvu, hesabu hadi thelathini. Karatasi ikitoka na unyevu, lirudishe juani kesho yake.